Eda ya Shangazi Riziki

Juzi nilikuwa nafundisha visawe. Nilikuwa nimeandika neno "kiuka" ubaoni, na wanafunzi wangu, ambao nusu yao wazazi wao walikuja Ukunda kutafuta kazi za hoteli, wakawa wananirushia maneno kutoka kila upande wa darasa. Vunja. Halifu. Asi. Kaidi. Enda kinyume. Mmoja akasema "kubriki", kwa Kiingereza cha mtaani, darasa likaangua kicheko, nami nikamwambia hilo aliache huko huko stendi. Kisha nikawataka watunge sentensi. Msichana mmoja anayekaa karibu na dirisha, mtaratibu, asiyesema mpaka aulizwe, akasimama akasema, "Mjane yule alikiuka masharti ya eda."

Sentensi ilikuwa sahihi. Sikumsifu wala sikumsahihisha. Niligeuka nikaanza kufuta ubao ambao ulikuwa bado haujajaa, na puani ikanijia harufu ya sabuni ya kipande, kana kwamba mtu amepita nyuma yangu amebeba nguo mbichi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Shangazi Riziki wakati alipokaa eda. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa udi na asumini. Ungejua amefika nyumbani kabla hujamwona, na akiondoka mto aliolalia uliendelea kunukia mpaka tukagombania kuulalia. Halafu mumewe akafa, na harufu zile zote zikakoma siku moja. Mikono yake, nguo zake, nywele zake zikawa zinanuka sabuni tu.

Mumewe aliitwa Bakari. Alikuwa dereva wa lori la mizigo, akienda Lunga Lunga na kurudi, na barabara hiyo hiyo ndiyo iliyomchukua. Walikuwa wakiishi Msambweni, nyumba moja na mavyaa wa Shangazi, Bi Mejumaa, aliyekuwa mama mzazi wa Bakari. Sisi kwetu ni Mkongani, huko juu mashambani. Baada ya khitma, Baba aliona dada yake amebaki kimya mno, hana mtoto wa kusema naye, akaamua mimi nibaki. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yameanza kung'oka. "Kaa na shangazi yako," aliniambia. "Msemeshe. Hata ukiwa huna la kusema, msemeshe."

Kumsemesha hakukuwa kazi. Shangazi alinipenda, na mimi nilikuwa na jina la Bibi, mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Mama. "Mama, njoo nikusuke." "Mama, umekula ukashiba?" Nami nilijiona mtu mzima, mtu wa kutegemewa.

Bi Mejumaa hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nimewahi kusimulia habari hii kwa haraka na watu wakamchukia. Alikuwa amemzika mwanawe wa pekee. Hakubaki na la kumfanyia isipokuwa kuhakikisha kwamba mjane wake anakaa eda kwa heshima, bila mtu wa kunong'ona. Kila asubuhi, baada ya chai, alikaa mlangoni na tasbihi yake, akasema maneno yale yale kwa sauti ya upole, "Riziki, mkwe wangu, watu wana macho. Usije ukavunja eda ya mwanangu."

"Sitaivunja, mama," Shangazi alijibu.

Mimi nikasikia, na nikaelewa kwa akili yangu ya wakati ule. Kitu kinachovunjika ni kikombe, ni yai, ni kioo. Basi eda nayo ni kitu, na kimo humu ndani. Sebuleni mlikuwa na kabati la vioo, na ndani yake bakuli kubwa jeupe lenye maua ya buluu, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Nikaamua kwamba eda ni lile. Nikipita karibu na kabati nilipita kwa vidole vya miguu, na nikimwona Shangazi anafagia pale nilimshikia pumzi. Alipoacha kwenda sokoni, kisimani, hata kwa jirani, nilidhani anabaki kulilinda.

Maneno mengine yalinichanganya zaidi. Jirani yetu, Bi Mwanakombo, aliyekuwa hapitishi siku bila kuja kuangalia, alipenda kusema kwamba mjane akitoka nje anakuwa amehalifu. Mimi neno "wahalifu" nilikuwa nimelisikia redioni tu, kwamba polisi wanawasaka, kwa hiyo kila gari liliposimama barabarani nilichungulia nione kama ni wao. Na Bi Mwanakombo huyo huyo siku nyingine alisema "kukiuka". Hilo nililijua, ni kumpitia mtu kwa juu. Kwetu Mkongani tulilala watoto wengi kwenye mkeka mmoja, na Bibi alikuwa akitukemea asubuhi, "Zunguka! Usimkiuke mwenzio aliyelala, hatakua." Nikajiuliza Shangazi atamkiuka nani, na humu ndani hakuna aliyelala chini.

Asubuhi moja Baba alikuja kwa pikipiki. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka kwenye nyusi. Nilimkimbilia, akanishika kichwa bila kuniangalia, na hapo nikajua kuna jambo.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bi Mejumaa.

"Marahaba, mwanangu. Wazima huko?"

"Si wazima sana. Mama amezidiwa." Baba alibaki amesimama, ingawa alikuwa amevutiwa kiti. "Tangu juzi hali kitu. Kila akifumbua macho anamuulizia Riziki. Nimekuja kukuomba, mama, nimchukue akamwone, kisha nimrudishe."

Shangazi alikuwa uani akifua. Alitokea mlangoni na povu mpaka kwenye viwiko.

Bi Mejumaa aliiweka tasbihi mapajani. "Mungu ampe afya, yule ni ndugu yangu. Lakini mwanangu, huyu yuko edani. Wajua."

"Najua. Ndiyo maana nikaja kuomba."

"Si mimi wa kuombwa. Laiti ingekuwa mimi! Mwanamke wa eda hatoki. Akitoka amevunja."

"Na atakuwa amehalifu," Bi Mwanakombo, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha chai, aliongeza. "Kaburi la Bakari halijakauka. Watu watasema nini?"

Baba alifuta uso kwa mkono. "Hakuna wa kumuuliza? Maalim Swalehe je?"

"Maalim yuko Lunga Lunga, kwenye arusi ya jamaa zake, hajarudi," Bi Mejumaa alisema. " Na kuuliza lipi? Mimi nimekaa eda ya waume wawili, na mlango ule sikuuvuka."

Simu ya Baba ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, nilikuwa naiona inavyochomoza. Huko Lunga Lunga kwenye arusi bila shaka kulikuwa na watu wenye simu pia. Hakuna aliyeitaja. Nimemuuliza Baba kuhusu hilo nikiwa mtu mzima, akanijibu kwamba hakulisahau, aliona haya. Kumpigia Maalim mbele ya mama mtu mzima aliyefiwa kungekuwa ni kumwambia kwamba anasema uongo.

Badala yake alimgeukia dada yake. "Riziki, wewe wasemaje?"

Shangazi alimtazama mavyaa wake, akamtazama kaka yake, kisha akatazama povu lililokuwa likimdondoka mikononi na kulowesha sakafu. "Mwambie mama nitakuja nikitoka edani," alisema. "Mwambie anisubiri."

Bi Mejumaa aliinuka kwenda kumtilia Baba chai, na ninakumbuka alimtilia sukari nyingi, kama mtu anayetaka kufidia.

Nilimfuata Shangazi chumbani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono bado imelowa.

"Mbona huendi kwa Bibi?" nikamuuliza.

"Nitavunja eda, mama."

Nikafikiri. Jambo lenyewe niliona lina dawa, nikashangaa watu wazima wanne wamelishindwa.

"Basi nipe mimi," nikasema. "Wewe nenda na Baba, mimi nitaishika. Nitaishika kwa mikono miwili mpaka urudi. Haitavunjika, Shangazi, wallahi."

Aliniangalia kama hakunisikia vizuri. Kisha akacheka, kicheko chake cha zamani ambacho sikuwa nimekisikia tangu Bakari afe, na kicheko hicho kikageuka katikati ya njia kikawa kitu kingine. Alinipakata, akanivuta kifuani. Nje nilisikia pikipiki ikiwashwa, ikazima, ikawashwa tena. Mwili wa Shangazi ulishtuka, misuli ya mapaja yake ikakaza chini yangu kama mtu anayetaka kusimama. Nikangoja asimame. Halafu mwili ule ukalegea, na mlio wa pikipiki ukapungua taratibu kuelekea barabara kuu.

Bibi alikufa kesho yake, adhuhuri. Habari ilikuja kwa simu ya jirani, na alizikwa siku hiyo hiyo kabla ya jua kutua, bila binti yake. Wanawake walijaa nyumbani Msambweni kumpa Shangazi pole juu ya pole. Yeye hakulia kwa sauti. Aliniweka mapajani, mtoto mkubwa kama mimi, na kutwa nzima alikuwa akisema, "Mama. Mama. Mama." Kila aliposema niliitika, "Abee, Shangazi." Sikujua kwamba safari hii siye mimi niliyekuwa naitwa.

Maalim Swalehe alirudi, na hata nyumbani kwake hakufika kwanza, alikuja moja kwa moja kutoa pole. Alikuwa kijana, ndevu zake za kuhesabika, na watu wazima walimheshimu kwa elimu yake huku wakimwonea huruma kwa umri wake. Alikaa sebuleni, Shangazi akiwa nyuma ya pazia la chumba, nami nikiwa nimekaa mlangoni katikati yao. Alisoma dua. Kisha akauliza, "Ulijaaliwa kumwona mama kabla hajaondoka?"

Bi Mejumaa ndiye aliyejibu, na katika sauti yake mlikuwa na fahari. "Hakutoka, Maalim. Kaka yake alikuja kumchukua, lakini alistahimili. Hakukiuka hata chembe."

Maalim alimgeukia.

"Nani alimkataza, mama?"

"Si eda, Maalim?"

"Eda inamtaka alale nyumba yake. Asijipambe, asijitie manukato, asiposwe. Lakini akiwa na haja hutoka mchana, akarudi kulala." Alikuwa akisema polepole, macho kwenye mkeka, kama mtu anayeogopa kufika mwisho wa sentensi zake. "Na mama mzazi yuko katika hali ile, kama hiyo si haja, haja ni nini? Aliye na ruhusa hajakiuka kitu, mama. Hajavunja, hajahalifu. Mngenipigia. Saa yoyote, mngenipigia tu."

Tasbihi ya Bi Mejumaa ilisimama. Alikaa na punje moja katikati ya vidole. "Mimi mama yangu aliniambia hivyo," alisema mwishowe. "Nami nikakaa hivyo. Mara mbili." Na kwa mara ya kwanza nilimwona anafanana na mtoto.

Nilikuwa nikilitazama pazia. Halikutikisika. Kisha sauti ya Shangazi ikatoka nyuma yake, nyembamba, ya adabu. "Maalim, basi kesho naweza kwenda Mkongani?"

"Waweza, dada yangu. Ila urudi kabla ya usiku."

Baba alitafuta gari la jamaa yake, akatufuata asubuhi. Shangazi alivaa nguo zake zile zile zisizo na rangi, akajifunika vizuri, na mlangoni alisita, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Nilimshika mkono. Nilikuwa bado na wasiwasi wa bakuli, lakini nilikuwa nimeliangalia asubuhi hiyo na lilikuwa zima.

Kwetu walikuwa wamekitoa kitanda cha Bibi, kile cha kamba, wakakiegemeza ukutani kwenye jua. Shangazi hakuingia ndani kwanza. Alikiteremsha, akakiweka sawa kwa miguu yake minne, akakaa juu yake. Wanawake walimzunguka. Mmoja wao, mke wa ami yetu, ambaye ndiye aliyekuwa na Bibi siku zile za mwisho, alikuwa akilia huku akisimulia.

"Alikuwa akikuulizia. Tukamwambia uko edani, akasema anajua, msimlaumu. Halafu ananiambia, 'Akija niamsheni. Hata kama nimelala, niamsheni.' Ikawa ndiyo hiyo. Kila akitaka kufumba macho anatuusia tumwamshe."

Shangazi alikuwa amezishika kamba za kitanda kwa vidole. Aliuliza kama kuna mtu aliyemwambia Bibi kwamba amesema amsubiri.

"Nilimwambia," Baba alisema. "Akasema, 'Haya.'"

Mwaka huu, tangu Shangazi mwenyewe atutoke, nimelifikiria sana neno lile la kukiuka jinsi nilivyolijua mkekani kwa Bibi. Nawafundisha watoto kwamba ni kwenda kinyume cha sheria, na kamusi zinakubaliana nami. Lakini siku ile watu wema, waliokuwa wanaogopa kukosea, walikuwa waangalifu kiasi hicho na mlango mmoja wa Msambweni, na huku Mkongani kulikuwa na mtu amelala. Tulimkiuka yeye.

Hatukukaa sana. Shangazi alisimama mbali kidogo na kaburi, akasoma alichosoma, akaingia ndani, akatoka na leso moja ya mama yake. Walimbembeleza ale, akala tonge mbili kwa heshima yao. Wakambembeleza alale, angalau siku hiyo moja. Akasema hapana, Maalim amesema arudi kabla ya usiku. Baba alimwambia muda bado upo. Akasema hata hivyo.

Ndani ya gari alikaa nyuma nami, leso ile mapajani, na uso aliugeuzia dirishani mpaka tukashuka tambarare na kuanza kuona minazi ya Ukunda. Nilidhani anamkasirikia Bi Mejumaa. Miaka mingi baadaye, Bi Mejumaa alipokuwa mzee wa kulala kitandani, na Shangazi, ambaye angeweza kuolewa tena na kuondoka, ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha uji, nilimuuliza alimsamehe lini. Alinishangaa. "Yeye alisema alichokijua," aliniambia. "Pikipiki ilikuwa nje, mama. Kaka yangu aliizima akanisubiri. Miguu ilikuwa yangu." Akarudi kuchanganya uji, akaupoza kwa kuupuliza, na sikupata kumuuliza tena.

Basi tulirudi Msambweni. Alasiri ilikuwa imeadhiniwa muda si mrefu, wanaume walikuwa wanatoka msikitini, jua bado kali. Bi Mejumaa alikuwa ameketi mlangoni kwake, na naamini alikuwa ameketi hapo tangu tulipoondoka, maana kikombe cha chai ya asubuhi kilikuwa bado kando ya mguu wake. Alipoona gari alijishika ukutani akasimama. Alitutazama tukishuka, akatazama jua, akatutazama tena.

"Mmerudi mapema hivi?" akasema.

Kisha nikaona akiyasikia maneno yake mwenyewe. Mkono wake ulipanda ukaziba mdomo.

Shangazi alimpita taratibu, akainama, akakiokota kile kikombe asije mtu akakikanyaga.

"Si mbali, mama," akamwambia, akaingia ndani.